Kuzingirwa kwa Ngome ya Mombasa

Ewe msomaji, ukijaliwa kufika Mombasa, pita katika vichochoro vya Mji wa Kale hata utokee mbele ya Ngome iitwayo Fort Jesus. Imesimama juu ya jabali, penye mlango wa bandari ya kale. Ukiutazama unene wa kuta zake utadhani kwamba hapana adui awezaye kuiteka. Lakini ilitekwa, na habari za kutekwa kwake yafaa tuzikumbuke.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ili wailinde njia yao ya kwenda Bara Hindi. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwapenda, kwani mwaka 1505 Wareno walikuwa wameuteka mji wao na kuuchoma moto. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwaasi, akaitwaa Ngome, lakini hakuweza kukaa nayo. Basi Waarabu wa Oman walipowafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka 1650, watu wa Mombasa waliwapelekea wajumbe kuomba msaada.

Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu Seif bin Sultan yalifika Mombasa kwa bahari, yakaushika mji na kuizunguka Ngome. Je, wadhani waliojifungia ndani walikuwa Wareno tu? La, hasha! Wareno walikuwa wachache. Wengi walikuwa Waswahili waliofungamana nao, wake kwa waume, pamoja na watoto wao. Hivyo watu wa pwani walikuwako pande zote mbili za ukuta.

Chakula, baruti na askari wapya vilitoka Goa na Msumbiji kwa merikebu, navyo vilikuja kwa kuchelewa. Kisha tauni iliingia, ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1697 kapteni wa Kireno alikufa, na ulinzi wa Ngome ukabaki mikononi mwa Bwana Daud, mwana wa kifalme wa Faza, hata msaada ulipofika. Mwaka uo huo merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama chini ya kuta za Ngome. Mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977.

Mwezi Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waarabu walipanda kuta, nao waliobaki ndani hawakuweza kuwazuia. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikaona bendera ya Oman juu ya Ngome, zikageuka.

Tangu hapo nguvu za Wareno kaskazini ya Mto Ruvuma zilikwisha, ila waliirudia Mombasa kwa muda mfupi miaka ya 1728 na 1729. Lakini tazama, msomaji, yaliyofuata: mwenye kuombwa msaada hakwenda zake. Liwali kutoka Oman alikaa mahali pa kapteni wa Kireno, na wenyeji waliotaka kujitawala walijiona wana bwana mwingine.

Basi usizilaumu upesi roho zile. Waliomwita Mwarabu na waliosimama na Mreno wote walitafuta amani ya nyumba zao. Ila ukuta mnene haumwokoi aliyepotewa na bahari, na anayemwita mwenye nguvu amwondolee adui hana budi kujiuliza mapema: huyu naye, ataondoka lini?