Nyigu mdogo, mlinzi wa mihogo mwambao wa Ziwa Nyasa

Mihogo ni chakula kikuu cha wakazi wengi wa mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Mizizi yake hutoa unga wa ugali unaoliwa kwa usipa, dagaa wa ziwa hilo, na majani yake ni mboga ya kisamvu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ukanda huo ukiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuanzishwa mwaka 2012, chakula hicho kilikumbwa na hatari ya mdudu mgeni: kidung'ata wa mihogo.

Mdudu huyo ni mdogo, mwenye mwili laini wa rangi ya waridi uliofunikwa na ungaunga mweupe. Hukaa kwenye ncha za mmea, hufyonza utomvu na kuingiza sumu inayofanya majani yajikunje na pingili zifupike. Wote ni majike, huzaliana bila dume, na kila mmoja aweza kutaga mamia ya mayai. Mashambulizi yakiwa makali, hasa wakati wa kiangazi, hasara ya mizizi huweza kufika asilimia 80.

Mgeni asiye na adui

Asili ya mihogo ni Amerika ya Kusini, nayo imelimwa Afrika tangu enzi za Wareno. Kidung'ata alibaki kwao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipoonekana katika nchi mbili za Kongo. Kwa kuwa maadui wake hawakuja naye, alienea nchi hadi nchi kwa kupeperushwa na upepo na kubebwa katika pingili za kupandia.

Kupulizia dawa mashamba ya mamilioni ya wakulima wadogo hakukuwezekana kwa gharama, tena kungehatarisha walaji wa kisamvu. Watafiti wakaamua kumtafuta adui wa mdudu huyo alikotoka. Mwaka 1981 Anthony Bellotti alimpata kidung'ata nchini Paraguay, na pamoja naye akapatikana nyigu mdogo ajulikanaye kitaalamu kama Anagyrus lopezi.

Nyigu hao walipitishwa karantini nchini Uingereza, kisha wakapelekwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), Ibadan, Nigeria. Huko mradi uliongozwa na Hans Herren wa Uswisi, na nyigu wa kwanza wakaachiwa mwaka huo huo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nchini Tanzania, kazi ya kuzalisha na kusambaza nyigu hao ilifanywa na kituo cha Kibaha, mkoani Pwani.

Anavyofanya kazi

Nyigu huyu ana urefu wa milimita mbili hivi na hamdhuru binadamu. Jike hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Buu hula mwili huo kwa ndani hadi ubaki ganda kavu la rangi ya kahawia, kisha nyigu mpya hutoboa tundu na kwenda kutafuta mawindo mengine.

Nyigu hawamalizi vidung'ata vyote. Vichache husalia, navyo ndivyo vinavyowapa nyigu chakula cha kuendelea kuishi. Mkulima hanunui nyigu kila msimu, lakini akipulizia dawa kali kwa sababu ameona vidung'ata vichache, huua walinzi pia, na mlipuko unaofuata huweza kuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Kinga hii ina mipaka. Utafiti umeonyesha kuwa nyigu hufanikiwa kidogo pale mihogo inapodhoofika katika udongo wa mchanga usio na rutuba. Samadi na matandazo ya majani humpa nguvu mlinzi huyo kama yanavyoupa nguvu mmea. Sisimizi nao hufuata utamu unaotolewa na vidung'ata na huwafukuza nyigu.

Somo kwa bustani za mijini

Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi katika bustani ya nyumbani. Vidukari wa kunde na sukuma wiki huliwa na wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, pamoja na mabuu yao. Kwa kabichi, kituo cha ICIPE cha Nairobi kilimleta kutoka Taiwan nyigu Diadegma semiclausum, anayeshambulia viwavi wa nondo mgongo almasi, na kumwachia nchini Kenya mwaka 2002.

Mwenye bustani anashauriwa kuchunguza chini ya majani kabla ya kupulizia chochote, kuacha maganda ya wadudu yenye matundu mahali yalipo, kupanda pembeni mimea yenye maua kama giligilani, na kuchagua pingili za mihogo zisizo na wadudu. Iwapo dawa italazimu, ipuliziwe mimea iliyoshambuliwa tu.

Hata hivyo, kuingiza wadudu kutoka nje ya nchi si kazi ya mtu binafsi. Nchini Tanzania jambo hilo husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwani mdudu asiyechunguzwa anaweza kugeuka mharibifu mpya, kama alivyokuwa kidung'ata mwenyewe.