Nyuma ya nyumba: namna ya kupanga parsele kwa kupumzika na kupokea wageni, Butembo na Beni

Wakaaji wa Butembo na Beni wanafanyia sherehe nyumbani kuliko zamani. Makuta ni sababu moja, lakini iko ingine. Mauaji yalianza katika eneo la Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, kisha tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 serikali ikaweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya uongozi wa dharura wa kijeshi. Kurudi nyumbani usiku kumekuwa tatizo. Basi komunyo ya kwanza, ubatizo, maongezi ya mahari, hata kuangalia mpira siku ya Leopards, yote yanahamia nyuma ya nyumba.

Na nyuma ya nyumba wengi wetu tuko na nini? Jiko la moshi, kamba ya nguo, choo, mistari mbili ya lengalenga, na rundo la matofali yenye kungoja siku makuta itapatikana. Kwa parsele ya namna hiyo, fundi wa kwanza atakwambia ufyeke yote na umwage simenti. Usimsikilize haraka.

Jambo hili si geni kwetu. Kwa desturi ya Wanande, kila kijiji ilikuwa na kyaghanda: mahali penye moto, wazee na vijana wanakaa jioni, wanakula pamoja, wanamaliza mabishano, watoto wanaume wanafundishwa maisha. Payoti ya leo nyuma ya nyumba ni mjukuu wake, na tofauti moja ninayoipenda: mama na binti nao wanakaa ndani, hawabaki kuchungulia kutoka jikoni wakibeba sahani.

Maji kwanza, viti nyuma

Butembo iko juu ya milima, inapita metre 1.700, na parsele nyingi ziko kwenye mteremko. Kila mtu amekwisha kuona mvua ya mwezi wa 10 au wa 11 ikichimba korongo katikati ya avenue. Sasa fanya hesabu: milimetre 1 ya mvua juu ya metre karé 1 ya mabati ni litre 1 ya maji. Nyumba yenye mabati ya metre karé 60, mvua ya milimetre 20 ikinyesha, inamwaga litre 1.200. Ukisha kufunika uwanja wote kwa simenti, maji ya uwanja nayo inaongezeka juu ya ile ya mabati, na inaenda wapi? Kwa jirani wa chini. Hapo ndipo kesi nyingi zinaanzia, na kesi ya maji inaharibu ujirani kuliko kesi ya muziki.

Kwa hiyo weka kwanza mfereji wa mabati na pipa au tanki, maji ya kufua na kumwagilia inapatikana bure. Maji yenye kuzidi, iongoze kwenye shimo lenye mawe. Kwenye mteremko kata ngazi mbili au tatu pana, na ukingoni panda setaria au tripsacum: mizizi inashika udongo, na majani unapatia mbuzi au sungura. Mahali pa kukalia paspalum inatosha. Inakanyagwa na inaota tena. Simenti ibaki kwa njia ndogo ya kutoka mlangoni mpaka payotini, ili mama mzee asiteleze siku ya mvua.

Beni iko chini zaidi, kati ya metre 1.000 na 1.200, kilometre kama 54 kutoka Butembo kwa barabara ya taifa namba 2. Joto liko zaidi. Kule kitu cha kwanza ni kivuli: mwembe, avoka, ama marakuja yenye kutambaa juu ya miti iliyosimikwa. Na mbu wanataka maji yaliyosimama, kwa hiyo pipa lifunikwe, matairi ya zamani na makopo yaondoke. Kuweka bwawa dogo la urembo, sawa vile tunaona katika picha za simu, mimi siwezi kushauri mtu wa Beni.

Payoti yenyewe

Miti ya ekaliptusi inapatikana kila pahali, na kwa nguzo inafaa. Paka sehemu yenye kuingia ndani ya udongo mafuta ya motere yaliyotumika, ama isimamishe juu ya jiwe, bila hiyo mchwa watakula haraka. Lakini usipande ekaliptusi karibu na nyumba ama kisima, inakunywa maji mingi. Mabati inadumu, ila mvua ikinyesha hamsikilizani. Majani inapendeza na inaleta ubaridi, lakini inaogopa cheche za moto na inaomba kubadilishwa.

Butembo jioni inabaridi, watu wanapenda kuvuta mbabula karibu na miguu. Hapa tuseme wazi: makala yenye kuwaka inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Payoti wazi pande zote, hakuna shida. Ukiizungushia shitingi pande ine juu ya baridi, ukaleta mbabula ndani, watu wanaweza kusinzia wasiamke. Acha pande mbili wazi, ama mbabula ikae inje na watu wavae makoti.

Radi ikipiga, payoti si kimbilio, na chini ya mti mrefu ni vibaya zaidi. Wageni waingie nyumbani.

Kwa taa, pano ndogo ya jua na batri inatosha kuwasha ampule mbili au tatu. Grupu inakula esansi na kelele yake inaua maongezi.

Watoto na mimea

Tairi moja lililofungwa kwa kamba nzuri kwenye tawi la avoka linashinda michezo mingi ya dukani. Angalieni maua tu. Ule mti wa maua makubwa yenye kuning'inia sawa tarumbeta, ambao wengi wanapanda kwa ua, uko na sumu kuanzia jani mpaka mbegu. Loriye-roze vilevile. Na ile miti ya ua yenye maziwa meupe, maziwa yake yakiingia machoni yanaweza kupofusha. Kama iko kwenye mpaka wa parsele, weka kizuizi mbele yake.

Mpaka nao, usisimike nguzo juu yake kwa kukadiria. Tafuta mawe ya kadastre, mwite jirani, muangalie pamoja mbele ya fundi kuanza. Choo kiwe mbali na kisima, metre 30 ndiyo kipimo kinachoshauriwa kwa kawaida, na upepo usilete harufu mezani. Mlangoni weka tanki ya kunawa mikono: Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 ilichukua watu zaidi ya 2.200, na mwanzoni ilienea sana katika matanga na mazishi.

Matanga yenyewe ndiyo sababu ya kuacha katikati ya uwanja wazi. Parsele iliyojaa meza za simenti haitapokea watu 100 chini ya shitingi siku jamaa imepatwa. Wala haitapokea ndugu wanaokimbia kutoka vijijini na magodoro kichwani, jambo ambalo familia nyingi za hapa zimeliona zaidi ya mara moja. Lengalenga nazo zibaki pembeni, siku hizo ndizo zinalisha.

Wageni wakilala, peleka majina kwa shefu wa nyumba kumi ama wa avenue kabla giza haijaingia. Muziki nao, ambia majirani mapema, na baffle ielekee ukuta wako, si dirisha lao.