Kwenda Mwanza kwa Miguu Bila Kutoka Nkome

Siku hizi upo mtindo wa kutembea ambao wazee wetu wangeucheka sana. Mtu huchagua njia ndefu, tuseme ile ya mahujaji iendayo Santiago kule Hispania, lakini haendi huko. Hubaki kwake, akaenda zake dukani, shambani na msibani kama kawaida, na jioni huhesabu hatua alizopiga na kuzihamishia kwenye ramani. Baada ya miezi kadhaa hutangaza kwamba amefika. Simu za mkononi huhesabu hatua zenyewe, kwa hiyo kilichobaki ni kuwa na miguu na subira.

Mtu anayejulikana zaidi kwa safari ya namna hii hakuwa na simu, wala hakuwa mtu wa kusifiwa. Ni Albert Speer, mbunifu wa majengo wa Hitler na baadaye waziri wake wa silaha, aliyehukumiwa miaka 20 pale Nuremberg mwaka 1946. Katika bustani ya gereza la Spandau, Berlin, alizunguka njia ile ile kila siku, akihamisha maharage kutoka mfuko mmoja hadi mwingine ili asipoteze hesabu. Mwaka 1954 alianza safari ya kuwaza ya kwenda Heidelberg, akaipita, akaendelea na dunia nzima. Alipokaribia kufunguliwa mwaka 1966 alikuwa amefika Mexico, kilomita 31,936 kwa hesabu yake. Watu waliolazimishwa kufanya kazi katika viwanda vyake hawakupewa bustani ya kuzunguka, na hilo lisisahauliwe tunapostaajabia maharage yake.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa amri ya daktari. Aliniambia sukari imepanda, na kwamba dawa ya kwanza iko miguuni. Mjukuu wangu akaniwekea programu ya hatua kwenye simu, akanionyesha njia za Ulaya nichague mojawapo. Nilikataa. Mtu aliyefundisha historia zaidi ya miaka 30 atatembeaje Hispania kabla ya kuitembea nchi yake? Nikachukua daftari, nikaandika: Kaole, karibu na Bagamoyo, Kazeh, yaani Tabora, kisha Mwanza. Ndiyo njia ya Burton na Speke ya mwaka 1857 na 1858, ambayo wapagazi walikuwa wakiipita kabla Mzungu yeyote hajaiona.

Ubaoni nilikuwa nikichora njia hiyo kwa mstari mmoja wa chaki, wanafunzi wakaunakili, tukaendelea na somo. Kwa miguu ni habari nyingine. Kutoka nyumbani hadi mwaloni na kurudi, pamoja na pilikapilika za nyumbani, hunipa hatua 6,500 hivi, karibu kilomita nne na nusu. Kutoka pwani hadi Tabora ni kama maili 600 kwa hesabu ya Burton, yaani kilomita 960 na ushei. Msafara wao ulitumia siku 134, ukiwamo muda wa homa na wa kungojea wapagazi. Ulifika tarehe 7 Novemba 1857. Mimi nilitumia miezi saba. Siku ya 100 nilikuwa bado Ugogo, penye ukame, ambako misafara ililipa hongo kwa watemi ili ipewe maji na ruhusa ya kupita. Neno hilo wakati ule lilikuwa ushuru wa halali. Lilivyofika mahali lilipo leo, waulizwe wenye ofisi.

Zaidi ya umbali, ulionishughulisha ni mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi au wa Kisukuma alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, ambazo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, na juu ya hizo chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Simu yangu haina mahali pa kuandika mzigo. Hatua ya mtu mikono mitupu na hatua ya mwenye pembe ya ndovu begani, kwake zote ni moja.

Jambo hilo nilikumbushwa mwaloni. Mama mmoja anayebeba dagaa kutoka mitumbwini hadi kwenye vichanja huniuliza kila asubuhi, “Shikamoo mwalimu, leo umefika wapi?”

“Marahaba mama. Nimefika Mpwapwa.”

“Umebeba nini?”

“Sikubeba kitu.”

“Basi hujasafiri, mwalimu, umetembea tu.”

Akacheka, akajitwisha ndoo yake, akaenda. Nilimtazama akirudi mara sita kabla sijaondoka. Huko Geita nako wachimbaji wadogo wanatoa viroba vya mawe ya dhahabu migongoni, wala hakuna anayewahesabia hatua. Wapagazi wa kale hatimaye walipumzishwa na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928. Hawa wa leo bado wanangoja.

Sisemi kwamba kutembea bila mzigo ni upuuzi. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, na hakubeba frasila. Mwaka huo huo kijana Seti Benjamini alifia njiani katika matembezi ya kuliunga mkono. Lakini wao walikwenda kweli.

Niliingia Mwanza baada ya miezi tisa na nusu, nikiwa nimekaa kitini kwangu, ng'ambo ya ziwa, daftari mapajani. Speke alifika huko tarehe 3 Agosti 1858, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Speke ndiye aliyepata sifa ya kuliona ziwa, ambalo Wasukuma walikuwa wakilivua siku zote. Bombay akaendelea kutembea: na Speke tena hadi Misri, na Stanley kumtafuta Livingstone, na Cameron hadi pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Inakadiriwa alisafiri maili 6,000 hivi, sehemu kubwa kwa miguu.

Nimepiga hesabu. Kwa mwendo wangu, maili hizo ni karibu miaka sita. Daktari anasema sukari imeshuka, na daftari lina kurasa. Nimeanza upya kutoka Kaole, na safari hii kila Jumamosi nabeba kilo kumi za mahindi hadi mashineni. Yule mama amekubali kwamba Jumamosi nasafiri.