Utupa: Dawa au Sumu? Historia Fupi ya Istilahi

Mkulima wa mchicha au kabichi kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, anaponyunyizia maji ya majani ya utupa ili kuwaangamiza vidukari, husema kwamba ametia "dawa". Mfasiri wa kijitabu cha kilimo naye aghalabu huandika "dawa ya asili". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya mmea huu yadai neno lililo wazi zaidi.

Kamusi za Kiswahili hulihusisha neno "utupa" na uvuvi kabla ya kilimo: ni mmea wa kulevyea samaki. Majani yake yalipondwa na kutiwa majini, na samaki wakaelea wakiwa wamelewa. Jina la kitaalamu, Tephrosia vogelii, lililotolewa mwaka 1849, lamkumbuka mtaalamu wa mimea Theodor Vogel. Halimwambii msomaji lolote kuhusu samaki. Maana ya neno letu humwambia.

Utupa una rotenoni na sumu nyingine za jamii yake. Rotenoni huzuia chembe hai kutumia oksijeni, na kwa samaki hupenya upesi kupitia matamvua. Kwa hiyo kinachomuua kidukari chaweza kumuua sato pia. Ni kweli kwamba jua na joto huivunja sumu hiyo mapema. Lakini hilo halimwokoi samaki iwapo bomba la kunyunyizia litaoshwa ziwani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu, wala haijali kama sumu hiyo imetoka kiwandani au porini.

Neno "dawa" lina historia yake pia. Uwezo wa DDT wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kemikali za aina hiyo zilipofika katika mashamba ya pamba ya Usukuma, ziliitwa dawa, sawasawa na kinywaji cha mgonjwa. Ndipo zikahitajika istilahi zinazotaja kitendo chenyewe: "kiuadudu", "kiuakuvu", "kiuagugu", na juu yake zote "kiuatilifu", neno lililomo katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Yapo maoni kwamba istilahi hizi ni za kemikali za viwandani tu. Hatukubaliani nayo. Sifa ya "asili" hueleza kitu kimetoka wapi. Haielezi kinafanya nini. Tunapendekeza, basi, kwamba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali waandike "kiuadudu cha mimea", na katika maelezo ya utupa waongeze bayana: "ni sumu kwa samaki". "Dawa" na liendelee kutumika katika mazungumzo. Lakini katika maandishi ya kumwelekeza mkulima aishiye ufukweni, hapana budi hatari itajwe kwa jina lake.