Sababu za torenti kujikokota kwenye rununu, na jinsi ya kuzitambua

MKAZI wa Isiolo anayenunua bando ya gigabaiti 2 asubuhi ili apakue faili ya gigabaiti 1 kwa njia ya torenti huenda akafika jioni akiwa na nusu ya faili, na bando imekwisha. Wengi huilaumu simu. Wengine huilaumu kampuni ya mawasiliano, na wapo wanaonunua bando ya pili papo hapo wakitumai mambo yatakuwa tofauti. Aghalabu lawama hizo huwaendea wasiohusika. Kasi ya torenti hutegemea mambo ambayo hayamo kabisa katika upakuaji wa kawaida, na asiyeyafahamu hugharamika bila kupata alichokitafuta.

Katika upakuaji wa kawaida, simu huomba faili kutoka kwa seva moja, nayo seva huituma mwanzo hadi mwisho. Mfumo wa BitTorrent, uliobuniwa na Mmarekani Bram Cohen mnamo 2001, hauna ghala la aina hiyo. Faili hukatwa vipande vidogo vidogo. Kila mshiriki huchukua vipande kutoka kwa wenzake, na wakati huo huo huwagawia wengine vile ambavyo tayari anavyo, mpaka haba na haba ijaze kibaba. Ipo seva ya kuwakutanisha washiriki, ambayo mafundi huiita traka, lakini yenyewe haihifadhi faili. Kazi yake ni kueleza nani yupo na anapatikana wapi.

Kutokana na mpangilio huo, jambo la kwanza la kuchunguza ni idadi ya watu walio na faili kamili na ambao vifaa vyao vimewashwa wakati huo. Programu kama LibreTorrent na Flud, zinazotumika kwenye simu za Android, huonyesha idadi hiyo pamoja na ile ya washiriki ambao bado wanapakua. Ikiwa wenye faili kamili ni sufuri, upakuaji unaweza kusonga hadi asilimia 97 kisha ukasimama hapo siku nzima, kwa kuwa vipande vilivyobaki havimo mikononi mwa yeyote. Hali hii huzikumba zaidi faili za zamani, ambazo waliozianzisha walikwisha kuzifuta. Hakuna bando, simu mpya wala mnara wa mawasiliano utakaoitibu. Dawa yake ni kutafuta nakala nyingine ya faili hiyo yenye watu wengi, au kuipakua moja kwa moja kutoka kwa tovuti ya mwenyewe.

Ipo njia rahisi ya kutenganisha tatizo la faili na tatizo la mtandao, nayo inashangaza kwamba watumiaji wachache huifuata kabla ya kuanza kuvuruga mipangilio ya simu. Chukua torenti ya mfumo wa Ubuntu kutoka kwa tovuti yake rasmi. Ni faili ya halali na kwa kawaida ina washiriki wengi duniani. Iache kwa dakika mbili au tatu tu, utazame kasi yake, kisha uisimamishe na kuifuta, kwa sababu faili nzima ni ya gigabaiti kadhaa na inaweza kuimeza bando yote. Ikiwa Ubuntu inakwenda mbio ilhali faili yako inatambaa, simu yako ni nzima na mtandao wako ni mzima. Faili ndiyo iliyokosa watu. Ikiwa zote mbili zinatambaa, jaribu kupakua kitu kidogo kwa njia ya kawaida kupitia kivinjari. Hicho nacho kikikawia, tatizo ni la mtandao kwa jumla. Kikipakuliwa upesi huku torenti zikiendelea kukwama, basi kuna kinachozuia torenti peke yake, na hapo ndipo penye maelezo mengi.

Kabla ya kufika huko, ni vyema kusahihisha hesabu moja ambayo huwapotosha hata wajuzi. Kampuni za mawasiliano hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali programu za torenti huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Anayepima mtandao wake na kupata megabiti 8 kwa sekunde hana budi kutarajia megabaiti 1 kwa sekunde, na faili ya megabaiti 700 itamchukua karibu dakika 12 mambo yakiwa shwari. Akiona megabaiti 0.9 kwenye programu, haibiwi na mtu.

Kizuizi kikubwa cha torenti kwenye rununu ni anwani. Kila kifaa kilichoko kwenye intaneti huhitaji anwani ya IP, na anwani za mtindo wa zamani ziliadimika kitambo. Kampuni za simu duniani kote zilitatua uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa kuperuzi magazeti au kutazama video mpangilio huo hauna dosari, kwa sababu simu ndiyo inayoanzisha mazungumzo na seva. Katika torenti, hata hivyo, mwenzako aliye Nakuru au Uholanzi anapaswa pia kuweza kukubishia hodi wewe. Akibisha kwenye anwani inayotumiwa na wateja wengi, mtambo wa kampuni haujui umpeleke kwa nani, na hodi hiyo hutupwa. Na iwapo mwenzako naye anatumia rununu, amefungiwa vivyo hivyo, na aghalabu hamtakutana kamwe ingawa kila mmoja anaonekana kwenye orodha ya mwingine. Ndiyo maana programu inaweza kuonyesha washiriki 60 lakini waliounganishwa ni 4.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Fungua sehemu ya maelezo kuhusu simu katika mipangilio, usome anwani ya IP wakati ukitumia data ya simu. Ikianza na 10, au iwe kati ya 100.64 na 100.127, umo nyuma ya anwani ya pamoja. Wanaotumia huduma ya setilaiti ya Starlink, iliyoanza kupatikana nchini Kenya mnamo Julai 2023, kwa kawaida wamo katika hali hiyo hiyo. Kufungua milango ya ruta nyumbani, ushauri unaorudiwa mno, hakusaidii kitu hapo, kwa kuwa ukuta wenyewe uko kwa kampuni. Kinachoweza kusaidia ni anwani za aina mpya, IPv6, ikiwa mtandao unazitoa na programu imeruhusiwa kuzitumia. Lingine ni kuteua torenti zenye watu wengi wenye faili kamili. Miongoni mwa wengi hao hawakosi wenye anwani zilizo wazi, na simu yako inaweza kuwaendea yenyewe.

Zaidi ya anwani kuna mnara. Mjini Isiolo simu mara nyingi huonyesha vijiti vyote vya mawimbi, na mtumiaji hushangaa kwa nini data haiendi. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi tu. Havisemi ni watu wangapi wanaogawana mnara huo saa hiyo. Saa mbili usiku, wakazi wa Bulla Pesa na Wabera wanapokuwa nyumbani wakitazama video, mgao wa kila mmoja hupungua. Faili hiyo hiyo ikiachwa ipakuliwe baada ya saa sita usiku au alfajiri inaweza kwenda kwa kasi nyingine kabisa. Nje ya mji hali ni tofauti. Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000 na ilikuwa na wakazi 268,002 katika sensa ya 2019, hivyo minara iko mbalimbali. Njiani kuelekea Merti, Garbatulla au Oldonyiro, simu inaweza kutoka kwenye 4G hadi 3G, na pengine hadi 2G, ambako torenti haina maana yoyote. Simu inapobadili mtandao, miunganisho inaweza kukwama au kukatika na kuanza upya.

Umbali wa washiriki nao una uzito wake. Vipande vingi vya torenti hutoka ng’ambo na hupitia kebo za chini ya bahari zinazofika Mombasa. Mnamo Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hizo si za kuchokora simu. Washiriki walio humu nchini huwa na nafuu, kwani mitandao ya Kenya hubadilishana data Nairobi kupitia kituo cha KIXP. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka wa 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kwa mzozo wa leseni, kisha kikafunguliwa upya 2002. Kabla yake, ujumbe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi hadi nyingine mtaa wa pili uliweza kuzunguka ng’ambo kwa setilaiti.

Tukirejea kwenye simu yenyewe, mpangilio unaowagharimu watu zaidi ni wa kutuma. Mtumiaji husahau kwamba torenti hutuma huku ikipokea, na bando hukatwa kwa yote mawili. Aliyepokea gigabaiti 1 na kutuma gigabaiti 1 ametumia 2. Isitoshe, programu nyingi huendelea kutuma baada ya faili kukamilika, mpaka mwenyewe aizime. Wengine, wakishagundua hilo, hubana utumaji hadi karibu na sufuri, wakajiumiza kwa njia nyingine. Cohen aliupanga mfumo wake uwapendelee wanaotoa, na asiyetoa huwekwa nyuma ya foleni na washiriki ambao bado wanapakua. Kuuacha utumaji bila kikomo nako ni kosa, kwa sababu simu hutuma pia vijibu vifupi vya kuthibitisha ilichopokea, na njia ya kutuma ikijaa vijibu hivyo hukwama na upokeaji hupungua. Kiwango cha kati ya kilobaiti 20 na 50 kwa sekunde kinatosha wengi. Faili ikikamilika, simamisha.

Idadi ya miunganisho pia huongezwa ovyo kwa dhana kwamba wingi ni kasi. Simu ya bei nafuu ikiamriwa kushughulikia washiriki 500 huchemka, hula betri na kupunguza kasi yake yenyewe ili ipoe. Miunganisho 40 kwa faili, na isiyozidi 100 kwa jumla, ni ya kutosha, na ni bora kupakua faili moja baada ya nyingine. Kuhusu programu zinazodai “kuongeza kasi ya torenti” kwa kubonyeza kitufe, jibu ni fupi: haziwezi kuumba washiriki wasiokuwepo, na nyingi ni matangazo matupu.

Tangu toleo la 6 la Android lilipotoka 2015, simu isiyoguswa huzilaza programu ili kuokoa betri. Upakuaji unaokwenda vizuri skrini ikiwaka na kusimama ikizimika una sababu hiyo. Nenda kwenye mipangilio ya betri, uiondoe programu ya torenti katika orodha ya zinazobanwa, na simu iwe kwenye chaji. Angalia pia kama programu imeamriwa ifanye kazi kwa Wi-Fi pekee. Wako waliohangaika siku nzima kwa sababu ya alama hiyo moja.

Baadhi ya watumiaji hukimbilia VPN wakiamini kampuni inazibana torenti kwa makusudi. Jambo hilo limewahi kutokea duniani. Kampuni ya Comcast ya Marekani iligunduliwa ikifanya hivyo 2007, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaiamuru ikome. Hata hivyo, VPN hurefusha safari ya data, na zile za bure aghalabu huwa na msongamano au hukataa torenti kabisa. Kuwasha usimbaji ndani ya programu ya torenti ni hatua ya kwanza iliyo nyepesi zaidi. VPN haimwondolei mtu wajibu wa kisheria pia. Kwa kuwa torenti husambaza huku ikipokea, anayepakua filamu au muziki wenye mwenyewe bila idhini huwa pia ameusambaza, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahusu usambazaji.

Faili za halali ziko tele. Mradi wa Kiwix hutoa Wikipedia nzima ya kusomwa bila intaneti, kwa torenti na kwa njia ya kawaida. Toleo kamili la Kiingereza lenye picha linazidi gigabaiti 100, mzigo usiofaa rununu, lakini la Kiswahili ni dogo mno kuliko hilo na linaweza kumfaa mwalimu wa shule iliyo mbali na mnara.

Kwa mwalimu kama huyo, njia ya gharama nafuu huenda ikawa mtu mmoja kuipakua faili akiwa mjini, usiku, kwenye Wi-Fi, kisha kuwagawia wengine simu kwa simu bila data, au kuipeleka Merti kwa memori kadi. Hapo pana mtego mmoja wa mwisho. Memori kadi nyingi ndogo huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, usiokubali faili moja inayofikia gigabaiti 4. Torenti ya ukubwa huo itakwama au kuleta kosa la kuandika, na mwenyewe atadhani ni mtandao. Kadi ikipangwa upya kwa exFAT, baada ya vilivyomo kuhamishwa, faili itaingia, mradi simu inayopokea inautambua mpangilio huo.