Ng'ombe Kwanza: Tiba ya Wanyama Uzigua na Shingo ya Mbwa

Tiba ya wanyama katika Uzigua, nchi ya Handeni hadi pande za Korogwe, ilikua ikimfuata ng'ombe. Karne ya 19 Wazigua walifuga ingawa mbung'o waenezao nagana walikuwepo. Mwanahistoria James Giblin ameonyesha kwamba kinga yao ilikuwa jembe na panga: palipofyekwa na kulimwa, vichaka vilipungua, wanyamapori wakasogea mbali na mbung'o wakakosa makazi. Sotoka, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, njaa na utawala wa Wajerumani viliuvuruga mpango huo. Watu walihama, pori likarudi, na ng'ombe wengi wakaangamia kwa nagana na ndigana kali, homa ya kupe.

Serikali nayo ilihesabu ng'ombe. Mtaalamu wa bakteria wa Kijerumani, Robert Koch, alichunguza magonjwa yao Dar es Salaam mwaka 1897, na maabara ya Mpwapwa ilianzishwa 1905. Baadaye zikaja chanjo na majosho. Mbwa alikumbukwa hasa kichaa cha mbwa kilipozuka, na mara nyingi dawa yake ilikuwa risasi.

Kwingineko mbwa alitazamwa kama mgonjwa. Mwaka 1967, huko Marekani, wataalamu Geary, Oliver na Hoerlein walieleza tatizo la pingili mbili za kwanza za shingo ya mbwa. Pingili ya pili ina jino la mfupa linaloshikwa na kano ndani ya ile ya kwanza. Mbwa wadogo wa mapambo huweza kuzaliwa na jino fupi au bila jino. Pingili huteleza na kubana uti wa mgongo. Paka hupatwa mara chache. Mwanzoni pingili zilifungwa kwa waya kutoka juu, kazi ya hatari kwa kuwa waya hupita ukigusana na uti wenyewe. Baadaye wapasuaji waliingilia chini ya koo, wakasogeza koromeo pembeni, wakakaza skrubu ndogo na saruji ya mifupa.

Tanzania nayo, mafunzo ya shahada ya tiba ya wanyama yalianza Morogoro 1976, kabla ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kuanzishwa huko mwaka 1984. Mahitaji ya nchi yalikuwa yale yale: maziwa, nyama, chanjo. Mbwa wa Handeni, mlinzi wa mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, si wa uzao wenye kasoro hiyo; shingo yake huweza kuumia akigongwa na pikipiki. Bwana mifugo asiye na eksirei anaweza kumfunga shingo isipinde na kumfungia mahali finyu kwa wiki kadhaa.