Muziki unavyotawala hisia za watazamaji wa filamu

WENGI wetu hudhani kwamba katika filamu ni macho yanayofanya kazi yote. Mara nyingi sikio ndilo hutangulia. Katika Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka wa 1975, papa haonekani waziwazi hadi sehemu kubwa ya hadithi imekwisha kupita. Kinachotutisha ni noti mbili nzito za mtunzi John Williams, zinazorudiwarudiwa kwa kasi inayopanda. Wavulana wawili wanapowahadaa waogaji kwa pezi la bandia, noti hizo hazisikiki. Pasi na kujua, hadhira imekwisha kufunzwa namna ya kumtambua papa wa kweli.

Uwezo huo umewahi kupimwa. Mwaka wa 1988 watafiti Sandra Marshall na Annabel Cohen waliwaonyesha watu filamu fupi ya maumbo matupu, pembetatu na duara, yakisogea huku na kule. Muziki ulipobadilishwa, maoni ya watazamaji kuhusu 'tabia' za maumbo hayo pia yalibadilika. Ikiwa pembetatu yaweza kupewa tabia na muziki, sembuse mwigizaji mwenye uso na machozi.

Mzee wa Kalamba, Makueni, au wa Kitui hahitaji maabara kuyajua hayo. Katika kilumi, ngoma ya kale ya Wakamba, wanawake, hasa wakongwe, hucheza kwa mdundo unaorudiwa bila kukoma hadi baadhi yao hupandwa na pepo. Kilumi ilichezwa kwa ajili ya tiba na, ukame ulipokithiri, kuomba mvua. Mbinu ya noti za Williams si ngeni basi: marudio humnyima msikilizaji nafasi ya kutulia. Tofauti ni kwamba mcheza kilumi huutoa mhemko wake kwa miguu, ilhali mtazamaji wa filamu hukaa nao kitini.

Hata hivyo, si kila sikio husikia jambo moja. Katika The Constant Gardener (2005), iliyopigwa kwa sehemu nchini Kenya, umetumika wimbo Kothbiro wa marehemu Ayub Ogada, uliokuwa katika albamu yake ya mwaka wa 1993. Mtazamaji wa London husikia nyatiti na sauti ya upole, akaingiwa na huzuni. Anayejua Kijaluo husikia habari: mvua yaja. Mkamba asiyeijua lugha hiyo huketi upande wa yule wa London, lakini mfasirie maneno hayo mawili tu, yeye wa nchi ambayo misimu ya mvua hukatika mara kwa mara, uone kama atausikia wimbo vilevile.

Mfano wa kinyume ni Out of Africa ya 1985, ambayo muziki wake ulimpa John Barry tuzo ya Oscar. Ndege inaporuka juu ya mbuga za Kenya, fidla za Barry hutuelekeza tuitazame nchi kwa hamu ya mgeni atakayeiacha. Ni kazi nzuri, hilo halina ubishi. Lakini ziondoe fidla hizo, uweke magitaa ya benga ya Kakai Kilonzo, na mbuga ileile itakuwa nchi ya mtu anayerudi nyumbani.